Anaumwa, lakini hataki kutulia: nimchezeshe nini?

BARUA

Shikamoo Anti,

Nina watoto wawili, wa kiume ana miaka 6 na wa kike ana miaka 3. Mkubwa amepata mafua makali yaliyompandishia homa. Tulimpeleka kwa daktari, akampima, akatuambia ni virusi na hakuna haja ya antibiotiki. Tumpe dawa ya kushusha homa, anywe sana, apumzike mpaka apone. Dawa na kunywa nimeviweza. Hilo la kupumzika ndilo limenishinda.

Asubuhi anaamka amelegea, kichwa mapajani mwangu, hata kuongea hataki. Nikimpa dawa, haupiti muda macho yanafunguka na mtu anaanza: anaruka juu ya kochi, anamkimbiza mdogo wake, anadai mpira. Nikimwambia atulie ananijibu, "Lakini nimepona." Jioni homa inarudi, analia mwili unauma, nami najilaumu kwa kumwachia acheze. Nikimlaza kitandani kwa nguvu ananuna, na kila baada ya dakika mbili nasikia, "Mamaaa, sina cha kufanya."

Nimemtolea kila kitu cha kuchezea kilichomo ndani. Hata ile seti ya kujenga yenye vipande vingi, ambayo amekuwa akiililia muda mrefu, nilimnunulia ili imtulize. Akatoa vipande vitatu vinne, akaisukuma pembeni, akaenda kuchukua dubu wa mdogo wake. Dubu huyo alikuwa wake zamani na mwenyewe alisema yeye si mtoto tena.

Mwisho wa yote nampa simu. Akishika simu nyumba inatulia, nami nafanya kazi zangu, maana siku hizi nafanyia kazi nyumbani. Lakini simu siku nzima, Anti? Baba yao anasema mwache, mgonjwa ni mgonjwa. Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye, anasema simu ndiyo inayomzidishia homa, na kwamba mgonjwa hulazwa kitandani akafunikwa blanketi, basi. Mimi niko katikati yao.

Naomba unisaidie. Ni lazima alale kitandani? Michezo gani haimchoshi mtoto mgonjwa? Simu nimpe kiasi gani? Na nitajuaje kwamba sasa anaweza kurudi shule?

Ni mimi,
Mama wa Katikati

JIBU

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kuuguza. Mgonjwa naye mpe pole yangu.

Nianze na kitanda, kwa kuwa ndicho kilichowagombanisha. Mtoto mwenye mafua ya virusi hana haja ya kufungiwa kitandani. Kupumzika anaweza hata kwenye kochi, au kwenye mito chini karibu na meza yako ya kazi, au mapajani mwa bibi yake. Mwili ukitaka usingizi utamlaza wenyewe. Ukimpeleka chumbani peke yake, hapo ndipo unapoitengeneza hiyo "mamaaa" ya kila dakika mbili, kwa sababu anachokililia ni mtu wa kukaa naye. Mwandalie kituo pale pale ulipo: godoro dogo au mito, shuka nyepesi, maji anayoweza kuyafikia mwenyewe, kitambaa cha kupengea, na beseni pembeni kama tumbo limechafuka.

Kuhusu blanketi, mama mkwe mweleze kwa upole kwamba mwenye homa akifunikwa gubigubi joto linakosa pa kutokea. Avae nguo nyepesi. Akisikia baridi na kutetemeka mfunike, joto likipanda mfunue. Na simu haipandishi homa, hilo nalo umtoe wasiwasi. Ila usimpinge bibi wa watu kwa kila kitu, maana baadaye nitakuomba umpe kazi.

Sasa tuje kwenye kuruka juu ya kochi. Dawa kama parasetamoli huanza kufanya kazi ndani ya nusu saa hadi saa moja, na nguvu yake hudumu kama saa 4 hadi 6. Katika muda huo homa inashuka, maumivu yanatulia, na mtoto wa miaka 6 anaamini kabisa kwamba amepona. Virusi bado vimo. Jioni dawa ikiisha nguvu, na kwa kuwa joto la mwili hupanda kidogo jioni hata kwa mtu mwenye afya, homa inajitokeza tena. Kwa hiyo acha kujilaumu: si mchezo ulioirudisha. Mbio zinachomletea ni uchovu na kikohozi cha mfululizo kinachomtoa machozi, na akishachoka hivyo anakataa hata kunywa. Hiyo ndiyo sababu ya kumtuliza, na inatosha.

Kinachofaa ni kuipanga siku yake kwa kuifuata dawa. Akiwa amelegea, kazi ni ya masikio tu: asikilize. Dawa ikikolea, mikono ipate kazi huku makalio yako chini. Ikianza kupungua, rudi kwenye masikio kabla hajaanza kulia, usingoje alie. Muda wa kila dozi uandike kwenye karatasi, ubandike ukutani mahali kila mtu anapopaona, kwa kuwa nyumba yenye watu wazima watatu ni rahisi dawa kutolewa mara mbili. Parasetamoli isipungue saa 4 kati ya dozi na dozi, wala isizidi dozi 4 kwa saa 24, na kipimo kiwe kile alichoandikiwa kwa uzito wake. Usimwongezee ili tu aendelee kuchangamka. Aspirini usimpe kabisa. Kwa watoto wenye maambukizi ya virusi kama mafua inaweza kusababisha ugonjwa adimu lakini mbaya wa ini na ubongo.

Ile seti ya kujenga irudishe kabatini, itamfurahisha akipona. Homa inakula umakini. Mtoto ambaye kawaida anakaa na kitu kimoja nusu saa, akiumwa anakiacha baada ya dakika chache, na kitu chenye vipande vingi na maelekezo kinamkumbusha tu kwamba leo hawezi. Ndiyo maana alimfuata dubu. Nimefanya kazi wodi ya watoto miaka mingi na hili nimelizoea: mtoto akiumwa hushuka umri. Wa miaka 6 anataka vitu vya miaka 4, anataka kulishwa, anataka hadithi aliyokwisha kuikariri. Usimcheke wala usimwambie "wewe mkubwa." Mpe alichoomba. Akipona atapanda mwenyewe.

Kanuni yangu ya kuchagua mchezo wa mgonjwa ni hii: yeye awe bosi, wewe uwe miguu. Mchezo ambao mtoto anaamua, anakisia, anaamrisha, na mtu mwingine ndiye anayeinuka, utamweka chini bila ugomvi. Pia uwe unaisha ndani ya dakika kumi, na usiwe na mshindwa. Mtoto mwenye homa akifungwa ludo anaweza kulia mpaka akatapika. Siku za kumfundisha kushindwa kiungwana zitakuja.

Kwa kuwa dubu tayari yupo, anza naye. Dubu naye anaumwa. Mletee mgonjwa wako kitambaa kidogo, kijiko kitupu, kikombe, kipande cha karatasi na penseli, umwambie, "Daktari, huyu ameletwa sasa hivi, hajala tangu jana." Halafu nyamaza umwache. Atampima joto, atamfunga bandeji sikio, atamwandikia dawa kwa maandishi yasiyosomeka kama ya madaktari wengine tu. Sikiliza maneno anayomwambia dubu. Akisema, "Usiogope, ni sindano ndogo," ujue sindano bado inamsumbua. Akisema, "Ukilia wataniita tena," hapo pana hofu ambayo asingekutajia hata ungemuuliza mara kumi. Hospitali nyingi za watoto zina wataalamu ambao kazi yao ni kucheza na wagonjwa kwa njia hii kabla ya upasuaji au kuchomwa sindano. Wewe nyumbani huhitaji utaalamu. Jibu kwa kupitia dubu: "Dubu anauliza, sindano ikiisha anaweza kukumbatiwa?" Utaona jibu lake usoni.

Mchezo mwingine ni wa sinia. Chukua sinia, panga vitu vya nyumbani kama nane: ufunguo, kijiko, kifungo kikubwa, soksi, penseli, kitana, kifuniko cha chupa, saa ya mkononi. Aviangalie muda wa kutosha, kisha ufunike kwa kitambaa. Ondoa kimoja bila yeye kuona, ufunue, aseme kipi kimetoroka. Akishaelewa, mgeuzie: yeye afiche, wewe ukisie. Ukosee makusudi, tena kwa kujiamini. Hakuna kinachomchekesha mtoto mgonjwa kama mtu mzima anayeapa kwamba kilichopotea ni kijiko wakati kijiko kipo mbele ya pua yake. Siku akiwa amelegea, vitu viwe vitano. Akichangamka, kumi. Vitu hivyo hivyo ukivitia kimoja kimoja ndani ya soksi ndefu, akatia mkono na kukisia kwa kupapasa, umepata mchezo wa pili bila kununua chochote, na huo anaweza kuucheza amefumba macho kama mwanga unamuumiza.

Kuna kile cha "naona kitu kinachoanza na herufi fulani." Kwa Kiswahili kina tabu yake: ukisema K, chumba kizima kinasimama. Kiti, kitanda, kabati, kikombe, kitabu, kioo, kitasa, mtakesha. Tumia rangi, au silabi ya mwisho: "Naona kitu kinachoishia na -ti." Kiti, shati, kabati. Ni kigumu kidogo, na ugumu huo ndio unaomfanya atulie akifikiri badala ya kurusha majibu.

Akilala kifudifudi au ubavu, mwandikie mgongoni kwa kidole. Herufi moja moja, polepole, akisie. Kisha neno fupi, kisha jina lake. Wengine homa inawafanya ngozi iume hata ikiguswa kidogo, kwa hiyo muulize kwanza. Akisema inauma, mwandikie kiganjani. Mchezo huu una siri moja, nao ni kwamba wengi husinzia katikati. Usimwamshe kumuuliza jibu.

Kwa mikono yenye nguvu kidogo, toa kazi za nyumbani ambazo ni za kukaa. Mwaga rundo la soksi zilizofuliwa mbele yake azioanishe. Mpe vifungo avipange kwa rangi, au picha za zamani azipange kwa kufuata nani alizaliwa kwanza. Mtoto aliyekaa ndani siku kadhaa bila manufaa yoyote anafurahi kuambiwa, "Asante, umenisaidia." Karatasi na kalamu za rangi nazo zinafaa, ila usimwambie tu "chora," kwa sababu karatasi nyeupe inamchosha. Mwanzishie. Chora mviringo umuulize ni kichwa cha nani. Chora mlango, aseme nyuma yake kuna nini, naye achore. Kama anapata shida kukaa wima, weka karatasi juu ya sinia mapajani. Rangi na gundi zenye harufu kali ziache. Mwenye kikohozi au kichefuchefu hazimfai.

Wakati wa masikio sasa, na hapa ndipo bibi anapoingia. Umesema anataka mjukuu alale atulie. Vizuri sana, mpe yeye kazi ya kumtuliza. "Mama, naomba umtegee vitendawili, mimi nina kikao." Akikaa pembeni ya godoro na kuanza "Kitendawili!", hata mtoto mwenye sauti iliyokauka ataitikia "Tega!" kwa kunong'ona. Nyumba yangu haina mlango. Popoo mbili zavuka mto. Kila niendapo ananifuata. Vya namna hii vinamfaa mgonjwa kwa kuwa anaweza kuvitafakari akiwa amefumba macho, na akishindwa anatoa mji, ambako nako ni raha yake. Vitanza ndimi achana navyo mpaka koo lipone.

Hicho cha mwisho jibu lake ni kivuli, nacho kikishateguliwa, jioni mna mchezo wa vivuli. Zima taa, washa tochi, elekeza ukutani. Bana viganja viwili pamoja, inua vidole gumba viwe masikio, shusha vidole vya mwisho na kuvipandisha: mbwa anabweka. Pishanisha vidole gumba, tandaza viganja: ndege anaruka. Muda huo homa inapopanda ni muda mbaya wa siku kwa kila mtu, na giza lenye tochi linambadilishia ukuta ule ule aliouangalia tangu asubuhi.

Ndugu walio mbali waombe ujumbe wa sauti. Shangazi asimulie siku huyo mtoto alipozaliwa, babu aeleze utundu wa baba yake alipokuwa na umri huo huo. Dakika mbili tatu zinatosha. Atazirudia mpaka uzikariri wewe. Na mwenye kichefuchefu asisome wala asiangalie picha ndogo ndogo. Macho yakifuata mistari, tumbo linachafuka zaidi. Asomewe.

Nisisahau kunywa. Umesema hilo umeliweza, lakini siku ya tatu au ya nne watoto hugoma. Tupa dadu: namba itakayotokea ndiyo idadi ya mafunda. Dubu naye atupe, na mafunda ya dubu ayanywe nani? Daktari wake. Kama ametapika, ngojeni kama dakika kumi, kisha aanze tena kidogo kidogo, kijiko baada ya kijiko, bila dadu ya kumharakisha.

Haya, simu. Mimi simo katika wanaosema mtoto mgonjwa asiguse skrini, wala sikubaliani na baba yao kwamba aachiwe siku nzima. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilitoa mwongozo kwamba watoto wa miaka 2 hadi 4 wasizidishe saa moja ya skrini kwa siku, na chini ya hapo ni bora zaidi. Huo unamhusu mdogo wake, anayechungulia begani kwa kaka yake. Kwa huyu wa miaka 6 mgonjwa, siku chache za katuni zaidi ya kawaida hazitamharibu. Tatizo langu na simu ni jingine: inamficha mgonjwa. Mtoto anayekodolea skrini hasemi, hachezi, hanywi, hajigeuzi, na wewe unaona ametulia. Ukiwa mbali huwezi kutofautisha mtoto aliyezama kwenye katuni na mtoto aliyelegea kwa kuzidiwa. Mchezo wa sinia unakuonyesha tofauti hiyo ndani ya dakika moja. Daktari akimwangalia mtoto hutazama kama anatabasamu, kama anafuata kwa macho, kama anataka kucheza. Na wewe ukicheza naye unapima vilevile bila yeye kujua.

Kwa hiyo simu aipate kwa vipindi, na ufunge vipindi hivyo kwenye kazi zako: una kikao, mpe katuni moja, ikiisha simu inarudi, anakunywa maji, anakwenda kukojoa. Chagua za mwendo wa polepole, zenye hadithi moja inayoanza na kuisha. Zile za kurukaruka kutoka kipande hadi kipande zinamwacha amewaka, na usingizi unakimbia. Iweke mezani au iegemeze mahali ili asiishike juu ya uso amelala chali. Saa moja kabla ya kulala izimwe. Bora zaidi, mwekee hadithi ya kusikiliza, skrini ikiwa imezimwa.

Mdogo wake naye usimsahau, maana wa miaka 3 akiona dubu, bibi na mama wote wamehamia kwa kaka, ataugua kwa wivu. Mfanye muuguzi msaidizi wa dubu: analeta kikombe kitupu, anapeleka ujumbe jikoni, anasimama mlangoni kuita "mgonjwa anayefuata!" Hizo ndizo mbio zake. Vikombe vya kunywea na vitambaa vya kupengea wasichangie, na mikono ioshwe kwa sabuni. Midoli ya plastiki ioshwe pia, dubu afuliwe akauke vizuri. Na kwa kuwa yupo wa miaka 3 nyumbani, vifungo na vipande vidogo vikishachezewa vihesabiwe na kurudishwa. Zaidi ya vyote, angalia hiyo tochi na rimoti: vile vibetri bapa vya duara, mtoto akimeza kimoja, kinaweza kuunguza koo la chakula ndani ya saa 2. Hapo hakuna kungoja aonyeshe dalili, ni hospitali moja kwa moja.

Nikwambie na wakati ambapo michezo yote hii inawekwa chini. Mtoto akishindwa kunywa, akitapika kila anachomeza, akipata degedege, akiwa mgumu kuamka au hakutambui, akipumua kwa haraka huku mbavu zikiingia ndani, shingo ikikakamaa, akipata vipele ambavyo ukivigandamiza kwa glasi havififii, au akipitisha nusu siku bila kukojoa, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, iwe usiku au mchana. Homa ikipita siku tatu, au ikiondoka siku nzima kisha ikarudi upya, mrudishe kwa daktari wenu. Pia yule ambaye dawa imeshusha homa yake lakini bado hataki dubu, hataki bibi, hataki katuni, hataki chochote, mimi nisingengoja kesho.

Shule arudi akiwa amekaa saa 24 bila homa na bila dawa ya kuishusha. Hilo la "bila dawa" ndilo watu wengi wanaloruka: wanampa dozi saa kumi na mbili asubuhi, anaingia darasani mchangamfu, kufika saa sita mchana simu ya mwalimu inaita. Kama katika ugonjwa huu alikuwa anatapika au anaharisha, ngoja saa 48 tangu mara ya mwisho. Kikohozi kinaweza kumfuata wiki mbili hata tatu, hicho peke yake hakimzuii. Siku za kwanza mwambie mwalimu asimtie kwenye mbio wala mpira, na akirudi nyumbani akajitupa kwenye kochi bila kuvua viatu, mwache alale.